Chaki kwenye Paipu ya Dizeli

Fundi Mbiombio, kama mtaa mzima ulivyomwita, hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Magari ya watu aliyatengeneza chapuchapu, nayo yakatengenezeka. Pikapu yake mwenyewe, ya dizeli na kuukuu kuliko ndoa yake, ndiyo iliyomtia aibu.

Wiki tatu nyuma ilizimika katikati ya njia, inavuja dizeli, na ndani yumo mama yake anayepelekwa kutolewa mtoto wa jicho. Wakakosa zamu. Leo ndiyo ilikuwa zamu ya pili, na muuguzi alishawaambia waziwazi: mkikosa hii, daktari wa macho harudi mpaka mwakani.

Na asubuhi hiyo, lahaula! Dizeli inatona tena.

"Si nilibadilisha mpira wa dizeli hapa hapa!" alifoka akiwa chali chini ya gari. Akakata mpira mwingine, akafunga klipu, akachungulia. Tone. Akakaza mpaka klipu ikakatika. Tone.

"Mwanangu, tutafika?" mama aliuliza. Alikuwa ameketi kiti cha mbele tangu alfajiri, kibegi mapajani.

"Tutafika, mama!" Moyoni hakuwa na hakika hata chembe.

Mkewe, mshonaji, akatoka na kitambaa na chaki yake ya kuchoria nguo. "Baba watoto, wewe unaziba inapodondokea. Umeshatazama inakotokea?"

"Shona nguo zako!"

"Nazishona. Ndiyo maana hazivuji."

Mama akaangua kicheko. Fundi akakubali shingo upande. Wakaifuta paipu yote ikakauka, wakaipaka chaki kutoka kwenye tangi mpaka kwenye chujio.

"Sasa kaa," mkewe alisema. "Usiguse kitu."

Jamani, dakika kumi zile! Alikaa, akainuka, akavutwa shati akakaa tena. Kisha chaki ikaloa, tena kule juu karibu na tangi, mahali paipu ya chuma ilipokuwa ikisuguana na bodi mpaka ikatoboka tundu la sindano. Dizeli ilitambaa na paipu kimya kimya, ikaja kudondokea kwenye mpira usio na kosa. Wiki tatu nzima alikuwa anauadhibu mpira wa watu.

Akakata palipotoboka, akaunga kwa mpira, klipu mbili kila upande, akatoa upepo ulioingia kwenye paipu mpaka mapovu yakaisha. Gari likanguruma. Walifika hospitali zimebaki dakika tano.

Kesho yake muuguzi alipobandua bandeji jichoni mwa mama, Mbiombio alikuwa ameshasimama, anataka akawashe gari.

"Hebu kaa," mama alisema.

Akakaa. Mama akamshika kidevu, akamgeuzia uso dirishani.

"Una mvi, mwanangu. Tangu lini?"

Akabaki amekaa, funguo mkononi, mama amtazame mpaka atosheke.