Begi Tupu la Mama

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha chuoni hadi leo. Nikidondosha matone mawili kwenye cherehani yangu, naona tena ule ukumbi wa bati upande wa Ndandalo, mvua inapiga juu mpaka mwalimu anaacha kusema na kufundisha kwa mikono. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la saba, nimepelekwa kujifunza ushonaji. Niwaambie ukweli ambao siku zile niliuficha sana: nilikipenda chuo kile.

Wenzangu walikilalamikia asubuhi na jioni. Wasichana ishirini, cherehani nne. Maharage yenye mchuzi mwingi kuliko maharage. Matope hadi vifundoni. Yote yalikuwa kweli, sibishi. Lakini mimi nilitoka Ikombe, kwa wafinyanzi, nimekanda udongo tangu nijue kutembea. Kushika kitambaa kikavu, kisafi, na kukiona kinageuka gauni mikononi mwangu, kulinifanya nitabasamu peke yangu. Wakianza kulalamika, niliinamia kola yangu. Nilikuwa nimeifumua mara tatu na bado iligoma kulala shingoni.

Bingwa wa malalamiko alikuwa Tusekile wa Ngana, aliyelelewa na mjomba wake. Alimwigiza mpishi akichota maharage kama anayeyaonea huruma, moja moja, tukacheka hadi machozi. Nilimpenda sana, na nilimwogopa kidogo.

Jumamosi moja mpishi alikwenda gulioni Lyulilo kununua vyungu vya jikoni. Akanichukua mimi, kwa kuwa nilijua kugonga chungu na kusikia kama kina ufa, na Tusekile akaomba kufuatana nasi. Pale ufukweni, kati ya vyungu vilivyoshushwa kutoka mitumbwini, tulimkuta mama mdogo, mdogo wake mama yangu.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu. "Chuo kikoje?"

"Ndaga, mama mdogo," nilijibu, lakini kabla sijaendelea Tusekile akadakia. "Chuo gani, mama! Mateso tu."

Nilitaka kusema ni kizuri. Tusekile alikuwa ananitazama, nikaogopa kuonekana najipendekeza kwa walimu. Basi nikatia chumvi yangu: "Siku nyingine tunalala na njaa." Uongo mtupu. Mama mdogo akashika kifua. Jioni hiyo maneno yangu yalipanda naye mtumbwi hadi Ikombe.

Jumanne Mama alisimama mlangoni mwa ukumbi. Udongo mweupe ulikuwa bado kwenye kucha zake, na mkononi alishika begi tupu.

"Kusanya nguo zako twende," alisema. "Mwanangu hawezi kulala na njaa nami niko hai."

Cherehani zote nne zilinyamaza. Nilitazama kola yangu, nikaona kwamba nisiposema sasa hivi, mbele ya wote, jioni nitakuwa Ikombe nakanda udongo.

"Mama, nilidanganya. Tunakula vizuri tu. Chuo nakipenda." Nikainua kitambaa aone. "Na kola yangu haijalala. Siwezi kuondoka kabla haijalala."

Mama aliichukua kola, akaigeuza pande zote kama anavyokagua chungu. Hakunigombeza. Akamgeukia Tusekile, ambaye habari zake alikwisha kuzipata kwa mama mdogo.

"Na wewe, mwanangu? Nasikia unateseka. Nitume salamu Ngana, waje wakuchukue?"

Tulimngoja bingwa wetu afungue kinywa.

"Hapana, mama," alisema Tusekile polepole. "Usitume. Chuo ni kizuri."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama alikaa, akala nasi maharage, akamshukuru mpishi, "ndaga fijo", kisha akamnong'oneza kwamba chumvi imepungua. Aliondoka na begi lake limekunjwa kwapani.

Siku mbili Tusekile hakusema nami. Nilidhani najua sababu: nimewasaliti, nimekisifu chuo, yeye akachekwa. Wiki iliyofuata kola ililala, naye ndiye aliyenishikia kioo, kwa hiyo sikuuliza kitu.

Tulikuja kuwa mafundi wote wawili, mimi Matema, yeye Kyela mjini. Mwaka jana nilikuwa dukani kwake, nikamtania kuhusu siku ile. Nilitegemea acheke. Badala yake alikata uzi kwa meno.

"Mimi nililalamika mwaka mzima," alisema. "Kila aliyepita njia ya Ngana nilimwambia nateseka, ili maneno yafike nyumbani, mtu aje anitazame. Wewe ulisema mara moja tu, dada, mama yako akaja."

"Lakini ulimkataza asitume salamu."

"Niliogopa. Zile za wapita njia ningeweza kusema zimepotea. Salamu za mama yako zingefika. Zikifika, na mtu asije, ningefanyaje?"

Miaka yote hiyo nilijiona jasiri wa siku ile, niliyesimama kukitetea chuo mbele ya walalamikaji. Nilisahau kwamba mimi nilikuwa na mtu wa kunifuata, na mwenye mtu wa kumfuata hupata nafasi ya kuyafurahia hata maharage mepesi. Ndipo nikakumbuka kwamba wakati sisi wote tunamtazama Mama pale mlangoni, Tusekile alikuwa analitazama begi.