Chaki Niliyoichagua Bila Sabuni

Majina siyaandiki. Waliokosa nitawasema, na mimi nimo, tena sipo mkiani.

Ushirika wetu wa maseremala ulikuwa mtaa wa Gerezani, kwenye banda la mabati lililoupa mgongo njia ya reli. Tulikuwa kumi na mmoja. Fundi wa kweli alikuwa mmoja tu, mzee wa Kizaramo aliyekaa Ilala, ambaye tangu ujana wake alikereza miguu ya vitanda kwa upinde na kamba. Alikaa chini, mkono mmoja unavuta upinde, mwingine umeshika patasi, na kidole gumba cha mguu kinaielekeza. Mti ulizunguka mbele yake kama unamtii.

Halafu ushirika ukapewa mashine ya umeme ya kukereza, kuukuu, imetoka karakana iliyofungwa. Ilikuja bila chaki. Sisemi chaki ya ubaoni. Chaki ya mashine ni kile kibano kizito cha chuma chenye taya, kinafungwa kwa nyuzi kama za skrubu kwenye shafti, ule mhimili unaozunguka, ndicho kinachoushika mti. Mguu wa kitanda unaweza kuubana huku na huku ukaukereza bila chaki. Kinu hakiwezekani. Kinu unakichimba tumboni, kwa hiyo lazima kishikwe upande mmoja tu, na kishikwe sawasawa. Nasi tulikuwa tumeshakubali kazi ya vinu vidogo vya kutwangia viungo.

Mwenyekiti wetu akanigeukia mimi.

"Ndugu mtaalamu, chaki utatutafutia wewe."

Nilikuwa mtaalamu kwa sababu siku ya kuomba uanachama nilisema nimefanya kazi ya mashine. Kazi niliyofanya karakana ni kufagia chini ya mashine. Darasa la nne nililiacha katikati, lakini mdomo nilikuwa nao.

Nikaenda Kariakoo kwa mama mmoja wa Kichaga aliyekuwa akiuza bolti, beringi na vyuma vya mashine zilizokufa. Alikuwa na chaki mbili. Moja ilikuwa na taya nne, nyeusi, nzito, kila taya unaikaza peke yake. Ya pili ilikuwa na taya tatu, inang'aa. Ukizungusha ufunguo mara moja, taya zote zinakwenda pamoja. Moyo wangu ukaenda kwenye ile inayong'aa.

"Ngoja kwanza, fundi," mama akasema. "Nyuzi za shafti yenu zikoje?"

"Za kawaida tu."

"Kawaida ya wapi? Hizi chaki mbili nyuzi zake hazifanani. Nenda ukachukue sabuni ya mche, uikandamize kwenye shafti mpaka nyuzi zitoe alama, uniletee hiyo sabuni. Sabuni ndiyo itakayochagua. Siyo mimi, siyo wewe."

Nilicheka njia nzima. Mwanamke wa kuuza bolti anifundishe mimi mashine!

Asiyeijua miaka ile atashangaa kwa nini sabuni ilijadiliwa kwenye kikao. Sabuni haikuwepo madukani. Tulikuwa tukifulia majani ya mpapai na maji ya majivu. Jumamosi mwenyekiti akafungua kabati la ushirika, akatoa nusu mche, akanikabidhi mbele ya wote kama anakabidhi bendera.

"Irudi," akasema.

"Mkeo asiione!" mmoja akadakia, banda zima likacheka. Hata mzee alicheka.

Banda lilikuwa linafungwa, nikasema nitapima Jumatatu. Nikaenda na sabuni nyumbani. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na mtoto alikuwa ametoka vipele mapajani kwa sababu ya nepi zilizofuliwa kwa majivu. Sikumpa ile sabuni. Niliiweka juu ya meza, nikamwambia ni ya ushirika, nikatoka kwenda kupiga soga. Nilijua nilichokuwa nafanya. Jumapili mchana kamba nzima uani ilikuwa na nepi nyeupe, na mke wangu ananitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ajifungue.

Jumatatu ningesimama mbele ya wale wanaume kumi, ambao wake zao pia walifulia majivu, niseme sabuni imeisha. Ndicho kilichonishinda. Hicho tu. Nikaenda Kariakoo mikono mitupu.

"Umeleta sabuni?"

"Nimepima mwenyewe, mama. Ni hii ya taya tatu."

"Umepima kwa kitu gani?"

"Kwa macho ya fundi."

Akanitazama kidogo. "Haya, macho ya fundi. Lakini nisikilize, baba. Ikikwama usiilazimishe. Irudishe hata kesho, nikupe ile nyingine. Mimi sihami."

Ilikwama. Mzunguko wa kwanza ikaingia, wa pili ikaingia, wa tatu ikagoma. Wenzangu walikuwa wamenizunguka, mwenyekiti amekunja mikono kifuani. Nikachukua bomba refu, nikalitia kwenye ufunguo, nikaikaza kwa uzito wa mwili wote mpaka chuma kikalia.

"Mbona haifiki mwisho?" mzee akauliza.

"Ya kisasa ndivyo inavyokaa, mzee."

"Mimi siijui mashine, mwanangu. Nakuuliza wewe unayeijua. Imeshika?"

"Imeshika."

Kinu cha kwanza mzee alikikereza kikatoka kizuri, kila mtu akakipapasa. Cha pili, patasi ilipozama ndani, mti ukaibana, chaki yote ikachomoka na kinu chake. Ilimpiga mzee kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ikaanguka, ikawa inajizungusha kwenye maranda ya mbao. Mzee alikaa chini palepale, kama alivyokuwa akikaa kwenye kerezo lake la kamba, ameushika mkono wake kwa mkono mwingine. Vidole vitatu havikukunjika tena.

Sasa mwenyekiti. Huyu alikuwa na shemeji yake anayelitaka lile duka la Kariakoo kwa muda mrefu, na sote tulijua. Aliitisha kikao mzee akiwa bado hospitali.

"Ndugu zangu, tumehujumiwa. Ndugu mtaalamu, ulipima au hukupima?"

Hapo ndipo ningesema. Hata treni haikupita.

"Nilipima."

"Basi tumeuziwa kibovu na mlanguzi. Anayekubali taarifa iende juu, anyooshe mkono."

Mikono ikanyooka kumi. Wangu ulikuwa mmojawapo, mzima, wenye vidole vitano. Wiki mbili baadaye duka lilifungwa. Yule mama alichukuliwa kwa kosa la kukutwa na bidhaa zisizo na karatasi. Nani alikuwa na karatasi za chuma chakavu wakati ule? Kabla mwezi haujaisha shemeji alikuwa amekaa kwenye stuli yake. Wale wengine tisa nao sijawasahau; hakuna hata mmoja aliyeuliza ile sabuni ya kupimia iko wapi, na walihesabu kila kitu kingine cha kabati lile.

Mzee aliporudi kwake Ilala nilikwenda. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamweleza yote, mpaka nepi. Alisikiliza huku akijaribu kufunga kifungo cha kanzu kwa mkono mmoja.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ulipokaza, niliitazama shafti pale ilipobaki nje. Ilikuwa na grisi ya zamani, imeganda na vumbi. Anayechukua alama ya sabuni lazima aifute kwanza."

"Sasa mzee, kwa nini ulikubali kukereza?"

"Nilikuuliza, ukasema imeshika. Ningekuita mwongo mbele za watu?"

Akaendelea, "Mkono wangu huu ni baina yangu na wewe, na yamekwisha. Lakini yule mama alifungwa kwa mdomo wako. Nenda kwake kabla hujaja tena kwangu."

Nilimtafuta. Niliambiwa ameachiwa, anauza maharage kwenye soko la Ilala. Nikaenda asubuhi moja, maneno nimeyapanga kichwani. Nilimkuta amekaa nyuma ya magunia mawili, amekonda, kanga kichwani. Hakuna aliyemwambia kisa kilianzia wapi. Alijua tu kwamba zilikosekana karatasi. Aliniona kabla sijafika.

"Fundi wa macho!" Akacheka, kweli kabisa. "Habari ya siku? Niambie, ile chaki ilikaa?"

Maneno yote niliyopanga yalikuwa mdomoni.

"Ilikaa, mama."

"Nilikuwa naiwaza, unajua? Hata kule ndani. Nasema yule baba asije akaumiza mtu."

Nilinunua maharage kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Alipima, akakung'uta kipimo, halafu akachota konzi moja zaidi, akaimimina juu. "Ya mtoto," akasema.

Niliipokea. Kwa mzee sikurudi tena mpaka niliposikia amezikwa.