Kamera ya Bazilio

Barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na kila aliyeipita aliijua: ukiambiwa lala, unalala, uso chini, na humtazami mtu. Jambazi usiyemwona ndiye atakayekuacha hai. Sisi wafanyabiashara tuliitii sheria hiyo kuliko tulivyotii za serikali. Dereva Bazilio naye aliitii. Mkewe Esteri aliivunja kwa maneno mawili tu, na yote yaliyofuata yalitoka hapo. Nayasema kwa sababu watu wanamsema vibaya Bazilio, na wengi wao hawajui hata alivyokuwa anacheka.

Mimi ni Mwanaamina, muuza vitenge. Kwetu ni Ujiji, lakini nimekaa Kasulu mpaka siku hizi naota kwa Kiha. Kila siku ya gulio la Kibondo nilipanda Noah ya Bazilio kwa kuwa hakujua kukimbiza gari. Tulimtania kwamba hata kuku wa Makere wanampita barabarani. Anajibu, "Bi Mwanaamina, kuku hana abiria." Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi kidogo, Mkatoliki wa kila Jumapili. Esteri alikaa kiti cha mbele akikusanya nauli, na kama chenji ilikosekana, mdomo wake ulitosha kuwa chenji.

Kiangazi cha mwaka 2013, mchana kweupe, porini mbele ya Mvugwe, tulikuta gogo katikati ya barabara. Wanaume wakatoka kwenye miti, vitambaa usoni. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akiamrisha. "Zima gari! Shukeni, laleni kifudifudi. Atakayeinua kichwa, shauri lake." Tukalala kwenye vumbi, bega la Esteri limegusa langu. Walikuwa wanapekua mizigo huku yule mtu akiendelea kuamrisha, mara nikahisi bega linaondoka. Esteri alikuwa ameinua kichwa. Akasema, tena si kwa woga, kwa mshangao kabisa, "Ni wewe?"

Bunduki ikalia mara moja. Nani aliyepiga, mimi sijui. Nilikuwa nimeuma udongo.

Kituoni askari alimuuliza Bazilio aliona nini. Akajibu, "Niliona majani." Askari akadhani anakejeliwa, akamfokea mfiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, mke wake aliuawa hatua chache kutoka alipolala, na yeye alichokiona ni majani.

Mjini watu walimfariji kwa kumsifu. "Ulifanya la maana kutoinua kichwa, mzee, ungekufa na wewe." Walimaanisha mema, lakini kila aliyesema hivyo alikuwa anamchoma. Halafu wakamalizia kwamba ni Warundi hao. Kwetu majambazi ni Warundi siku zote, hata kabla hawajaonekana. Ni raha sana kuwa na jirani wa kumsingizia. Bazilio hakuikubali raha hiyo. Alikuwa amebaki na yale maneno mawili. Ni Mrundi gani wa porini ambaye Esteri angemwambia "Ni wewe?" Aliyeua, au aliyekuwa na aliyeua, alikuwa mtu anayejulikana nyumbani kwake.

Basi akaanza kutazama watu. Muuza nyama, katekista, fundi baiskeli, mume wangu. Kanisani, watu wakipeana mikono ya amani, yeye aliitazama ile mikono. Alikonda, kitambi kikaisha. Siku moja aliniambia waziwazi, "Bi Mwanaamina, mimi nataka sura ya huyo mtu. Nikishaiona sura, hata nikifa ni sawa."

Ndipo Saady, mwenye duka la simu pale karibu na stendi, alipomwambia habari za kamera za gari. Zinakaa kwenye kioo cha mbele, zinarekodi kila kilicho mbele yako, na Dar es Salaam zinapatikana. Akamwonyesha picha kwenye simu. Ya kwanza ilinatishwa kwenye kioo kwa mpira, imetoka nje kama jipu. Bazilio akaikataa, ingeonekana kutoka mbali. Ya pili ilikuwa ndogo, rahisi, lakini ikipigwa na jua inaona weupe mtupu. Ya tatu ilitengenezwa kwa umbo la kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, unaivisha juu ya kioo chako na mtu hajui. Saady akaisifia, "Na sauti inanasa vizuri mno."

"Sauti sina haja nayo," Bazilio akasema. "Leta hiyo ya kioo."

Ilipofika na basi aliipeleka kwa Cleophas, fundi umeme wa magari. Cleophas akataka kuiunga kwenye laita ya sigara kama kawaida, Bazilio akamzuia. Laita inakufa gari likizimwa, na neno la kwanza la majambazi ni "zima gari". Alitaka umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, ili gari lizime na kamera ibaki macho. Cleophas akamwonya kuwa betri itamlaza njiani, gari lenyewe otomatiki, halisukumwi likawaka. Bazilio akasema atakuwa anachomoa waya wa betri kila akiliegesha. Basi fundi akapenyeza waya ndani ya kitambaa cha paa, akaushusha kwenye nguzo ya kioo mpaka kwenye boksi la fyuzi, akafunika. Ungekaa kiti cha mbele usingeona kitu.

Ungeona nini, wakati mji mzima ulishajua? Kasulu huwezi kununua hata chupi mpya watu wasiulize rangi. Kufika Jumamosi wapiga debe walikuwa wanatangaza, "Noah yenye kamera! Noah yenye kamera!" wakidhani wanamsaidia. Abiria wakaikimbia kama yenye ndui. Sheria ilikuwa usitazame, na sasa mtu ametundika jicho ambalo haliwezi kuambiwa lala. Majambazi wakijua limewaona, watamwacha nani hai? Mimi mwenyewe nilimwambia, "Bazilio, nina watoto. Funika hicho kidude au nashuka." Akakifunika kwa kofia yake mpaka tukafika Kibondo. Safari iliyofuata nilipanda gari lingine.

Aliendelea kwenda na kurudi, mara nyingine na abiria wawili na magunia ya maharage. Mwezi kwa mwezi. Wenzake waliomba Mungu wasikutane na majambazi, yeye aliomba akutane nao. Ni dua mbaya hiyo, nami niliichukia, lakini ilijibiwa.

Ilikuwa mwaka uliofuata, mvua za vuli zimeanza. Gogo jingine, porini kulekule. Kiti cha mbele alikaa mwalimu mmoja wa Busunzu, Recho. Wale watu walipotokeza tu, Recho alivua kilemba chake kichwani akakitupia juu ya kile kioo chenye kamera, akakifunika kabisa, halafu akashuka na kulala. Bazilio alikiona kilemba, lakini mikono yake ilikuwa juu tayari. Simlaumu Recho. Mimi ningevua hata sketi.

Siku hiyo hawakuua mtu. Walichukua pesa na simu wakaondoka. Bazilio alirudi Kasulu moja kwa moja mpaka dukani kwa Saady, wakaichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta. Picha ilikuwa kilemba cha maua mwanzo mpaka mwisho. Lakini sauti ilikuwepo, na ilikuwa safi. "Zima gari! Shukeni, laleni kifudifudi." Waliniita nisikilize. Nikaketi chini. Ni yuleyule aliyeamrisha siku ya Esteri.

Kulikuwa na kipande kimoja kilichosikika kuliko vyote, maana alikuwa amesimama kwenye dirisha la dereva. Ndani ya gari alikuwemo bibi mmoja mwenye mgongo mbovu. Jambazi akamwambia taratibu, "Bibi, wewe kaa tu, usilale, mgongo utakuuma. Fumba macho." Namna alivyolivuta lile neno "bibi" ni ya watu wa upande wa Kasanda, na Kasanda ndiko kwao Esteri. Bazilio akasema atakwenda kumsikilizisha mama mkwe wake, Immakulata, ambaye anawajua watu wa huko wote. Akaniomba nimsindikize, kwa sababu mtu haendi ukweni peke yake na jambo zito. Nikabeba kitenge cha zawadi. Saady naye, bila kumwambia mtu, alikuwa ameshainakili ile sauti na kuirusha kwenye simu za rafiki zake.

Mama Immakulata alitupokea vizuri. Alikuwa mwembamba, anasikia vyema, macho ndiyo hafifu. Alizaa wawili tu. Esteri, na kaka yake Godson, aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu kabla Esteri hajaolewa na hakurudi wala kutuma salamu. Bazilio hakuwahi kukutana naye. Watu walisema shimo lilimfukia, na mama alishamwombea misa ya marehemu.

"Mama," Bazilio akasema, akiwa ameinamisha kichwa kama inavyompasa mkwe, "nina sauti ya mtu hapa. Naomba unisaidie kama unaijua." Akaweka kile kipande kinachosikika vizuri, kwenye simu aliyoazimwa na Saady. Bibi, wewe kaa tu, usilale, mgongo utakuuma.

Yule mama akasimama. Uso wake ulifunguka, nami sijapata kuona furaha ya namna ile. "Mawe! Mwana wanje! Mwanangu! Ni Godson! Yu hai?" Akaishika simu kwa mikono miwili, akaiweka shavuni. "Umemwona wapi, baba? Anakula? Rudisha, nimsikie tena." Akacheka, akapiga magoti, akaanza kumshukuru Bikira Maria kwa Kiha.

Bazilio alikuwa amekauka. Nikajua naye amejua. "Ni wewe?" Esteri alikuwa amemsikia kaka yake aliyefufuka.

Ningependa kusema tulimwacha na furaha yake. Haikuwezekana, kwa sababu alishabonyeza mwenyewe na simu ikaendelea. "Atakayeinua kichwa, shauri lake." Akasikiliza mpaka mwisho. Esteri alivyokufa alishasimuliwa, akauliza jambo moja, "Ni yeye aliyempiga ndugu yake, au ni wale wengine?"

"Sijui, mama," Bazilio akasema, akalia kama mtoto. "Sikuona."

Nilidhani atatufukuza. Badala yake alijifunga kanga vizuri akasema tumpeleke polisi. Alisema hataki mwanawe aseme uongo wala asemewe uongo, akaulizwe, ajibu. Huko aliandikisha jina la mwanawe kwa kinywa chake. Askari wakaahidi kumtafuta kimyakimya. Lakini jina likishatajwa halikai kimyakimya, na sauti ilikuwa kwenye kila simu.

Siku ya gulio Kibondo nilikuwa nimetandika vitenge vyangu. Mwanamume mmoja aliuliza bei ya viatu kwa muuza mitumba, na yule muuza mitumba akaacha kujibu, akatoa simu yake, akasikiliza. Kisha akapiga kelele. Gazeti huandika "wananchi wenye hasira kali". Mimi nilikuwepo, hasira sikuiona. Niliona watu wanaofurahi. Walimkalisha chini, wakamshikia simu sikioni, wakamwambia aseme yaleyale ili walinganishe. "Sema! Sema laleni kifudifudi!" Akasema huku analia. Sauti ikafanana, wakashangilia kama goli limeingia.

Bazilio alikuja mbio kutoka stendi. "Msimuue! Mwacheni aniambie!" Hawakumsikia maneno, walimwona mfiwa. Wakampisha kwa heshima. "Mwacheni huyu aanze," mmoja akasema, akamwekea jiwe mkononi. Bazilio akalitupa, akapiga magoti kwenye tope.

"Shemeji," akamwambia. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumwita hivyo. "Shemeji, nani alipiga?"

Godson alimtazama. Midomo ilicheza, akataka kusema kitu, na Bazilio akainama kumsogelea. Wale wa nyuma waliona mfiwa anachelewa, wakaanza wao. Bazilio alitolewa pale kwa kuburutwa, damu ya mwenzake kwenye shati, bado anauliza.

Leo wapo wanaosema alimuuza shemeji yake. Wapo wanaosema alikwenda kumpiga jiwe la kwanza. Waongo wote.

Mwili wa Godson tuliupeleka Kasanda kwa Noah ileile iliyoubeba wa Esteri, maana hakuna gari lingine lililokubali. Waliokuja kuchimba kaburi ni wachache, na Bazilio alichimba nao. Mama Immakulata alikaa kwenye mkeka, hakulia. Jeneza liliposhushwa alimwita Bazilio karibu, nami niliyekuwa nimemshika mkono nikasikia.

"Duniani hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita mama ila wewe," akamwambia. "Na wewe sitaki kukuona tena."

"Ndiyo, mama," Bazilio akajibu, akachukua koleo, akaenda kusaidia kufukia.