Unga wa Wimbi Ndani ya Usukani

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze, maana najua mshasikia nusu ya mambo haya huko sokoni Nakuru, na hiyo nusu mliyosikia ni ya uongo. Sikulewa. Nasema tena, sikulewa, sijawahi kulewa, na anayebisha aje hapa mbele yangu. Lakini aibu niliipata, tena aibu ya mchana kweupe, mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya msichana niliyetaka kumwoa.

Mnaijua pikipiki yangu. Niliinunua kwa mzungu mmoja wa Njoro aliyekuwa anarudi kwao (alifurahi sana kuiuza, na mimi mjinga sikujiuliza kwa nini), ina silinda moja tu lakini kubwa kama debe, ukiiwasha kule Lanet, wanaisikia mjini. Mashine nzuri, siisemi vibaya. Ila inatetemeka! Usukani ulikuwa unanitikisa kuanzia vidole mpaka meno, nikifika kazini kule ghala la mahindi, mimi karani mzima, sishiki kalamu mpaka nikae kwanza, na nikijilazimisha, jina langu linatoka kama limeandikwa na kuku.

Sasa siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Esta huko Rongai nikaenda na pikipiki hiyo hiyo, kwa maringo, suruali imepigwa pasi. Baba yake, Mzee Yohana, ni nyapara katika shamba la ngano na ni mzee wa kanisa, na kitu anachokichukia kuliko shetani mwenyewe ni pombe. Nikakaribishwa vizuri, nikaketi, nikaletewa chai. Jamani! Kikombe na kisahani vikaanza kugongana, ta-ta-ta-ta, chai ikanimwagikia mapajani, na nikikishika kwa mikono miwili ndiyo kelele inazidi. Mzee Yohana akanitazama mikono, akanitazama macho, akarudi kwenye mikono.

"Kijana, mikono hiyo imeanza lini?"

"Ni pikipiki, mzee."

"Hm. Ndugu yangu wa Kabazi naye alikuwa anasema ni baridi. Tulimzika."

Nikajaribu kueleza habari za silinda na barabara ya mawe, wapi, hakuna aliyenisikiliza. Akaniambia nirudi Jumapili baada ya ibada, atawaita wazee wawili wa kanisa wawe mashahidi, nitapewa kikombe kilichojaa pomoni, na nikikinywa bila kumwaga hata tone tutazungumza mahari. Nikimwaga, nisionekane tena Rongai. Esta alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akaniinulia nyusi kama mtu anayesema shauri yako.

(Najua mtauliza kwa nini nisipande basi tu. Mngekuwa nyinyi mngepanda, eh? Ningeshuka kwenye basi pale Rongai wangesema nimeiuza pikipiki nikainywa.)

Basi nikaenda kwa fundi mmoja mjini, akaniambia dawa ni ndogo, usukani ni bomba lenye uwazi ndani, ujaze mchanga mkavu, uzibe huku na huku, ule uzito utautuliza. Nikafanya hivyo. Ikaenda vizuri mpaka kwenye mteremko, hapo mchanga ukaanza kutoka kwenye tundu la waya, ukaingia kwenye mkono wa kuongezea mwendo, mkono ukakwama, nikapita mlangoni pa kazi yetu kama upepo huku wenzangu wananipungia mikono wakidhani natamba.

Mtu mwenye akili angerudi kwa fundi. Mimi nikakaa nikawaza mwenyewe, nikaona kinachotakiwa ni kitu kizito kinachoingia kikiwa laini kisha kikauke humo ndani kisitoke. Unga uliokandwa! Unga wa mahindi sikutaka kuonekana nao, kwa kuwa mtu wa ghala akionekana na unga anaitwa mwizi, kwa hiyo nikabisha kwa jirani yangu Mama Nafula, mama mmoja mcheshi sana ambaye kila Jumamosi nyumba yake inakuwa na wageni wengi wanaoimba (sikuwahi kujiuliza wanaimba nini). Akanipa unga wa wimbi. Nikaunusa, ukanukia utamu utamu hivi.

"Mama, huu ni wa nini?"

"Wa uji," akasema, na akacheka. "Unataka kuutia wapi, baba?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema neno moja ambalo ningelisikia leo nisingekuwa hapa nawasimulia: "Haya, lakini usizibe sana."

Nikaziba sana. Niliukanda ule unga kwa maji ya vuguvugu, nikaushindilia kwa kijiti mpaka usukani ukajaa, nikapiga vizibo vya chupa huku na huku kwa nyundo, juu yake nikazungushia mpira wa baiskeli nikaufunga kwa waya. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi nikaenda kazini mikono imetulia, nikaandika jina langu likasomeka, nikajiona mimi ndiye niliyepaswa kuzaliwa Uingereza nikatengeneze pikipiki.

Jumapili ikafika. Jua kali, njia nzima ya Rongai naimba nyimbo za kanisa, mikono kama ya mtu aliyelala. Nikaiegemeza pikipiki ukutani, chini ya dirisha, palepale penye jua, nikaingia. Wazee wawili wameshaketi na Biblia zao. Mama Esta akamimina chai mpaka ikasimama juu ya ukingo wa kikombe, mama yule hakunionea huruma hata kidogo. Nikakishika. Nilimpenda Esta, nisiwafiche, nilimpenda kweli na nilijua Mzee Yohana hasemi mara mbili. Nikakiinua polepole. Hakikulia. Nikanywa hadi chini, nikakirudisha, kisahani kikavu.

"Bwana asifiwe," mzee mmoja akasema.

"Amina," nikasema, na hapo ndipo tukasikia nje, fsssss.

Halafu po! Kizibo kikapita dirishani kikampiga mzee wa pili kwenye upara. Kabla hajapiga kelele, po! la pili, na kuku wote wakapiga mbio. Tukatoka nje. Pikipiki yangu ilikuwa inatoa povu pande mbili, povu la rangi ya udongo, zito, linateremka kwenye tangi mpaka chini, na harufu, ndugu zangu, ile harufu hata mtoto wa jana angeijua ni busaa, pombe ya kienyeji. Nilitamani nipande hiyo pikipiki nikimbie lakini ningeshika wapi?

Mzee Yohana akaisogelea. Akachovya kidole. Akakinusa. Akakilamba.

"Kimea ni kizuri," akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "ila ilihitaji siku moja zaidi."

Mzee wa upara akaanza kutazama milima. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Esta nyuma yangu, ya upole kabisa.

"Baba Esta. Umejuaje?"

Mzee Yohana akapangusa kile kidole kwenye koti, akanishika bega kwa nguvu, akasema kwa haraka, "Ingia ndani, mwanangu, tuzungumze mahari."

"Mahari itangoja," Mama Esta akasema. "Mimi nimeuliza umejuaje."

Hakujibu siku hiyo, na nasikia hajajibu mpaka leo. Mahari tulikubaliana jioni ile ile, na kwa urahisi ambao hata wajomba zangu waliushangaa. Esta yuko ndani sasa hivi ananicheka. Lakini nimeapa mbele yake, na naapa mbele yenu: pikipiki itetemeke inavyotaka, meno yang'oke, wimbi halitaingia tena kwenye ule usukani, hata baba mkwe akiniomba. Na ameshaniomba mara mbili.