Ayala Aliyepauka

Blanketi lile lilipandishwa hadi ghorofa ya saba kwa sababu mimi sikuweza kushuka. Kazi yangu Guangzhou ilikuwa kulinganisha mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani na sampuli zao kabla haijapelekwa bandarini Huangpu. Lakini visa yangu ilikuwa imekwisha, ombi la kuongeza muda limekataliwa, na mwaka ule polisi walikagua pasipoti kwenye milango ya masoko na ngazi za metro. Kwa wiki sita sikutoka katika nyumba ile ya mtaa wa Sanyuanli. Nilijua hata saa za kikohozi cha jirani.

Mwenye mzigo alikuwa mama wa Mwanza aliyepanga chumba cha pili. Alipanda na laoban wake, bosi wa kiwanda, wakalikunjua blanketi kitandani kwangu. Katikati alisimama ayala dume, pembe kama matawi, mweupe pe.

"Mwanangu, huyu ni ayala au beberu?" mama aliniuliza. "Mimi niliagiza wa kahawia. Mwulize kampeleka wapi."

Niliuliza. Bosi akatoa nusu ya sampuli. Huwa inakatwa vipande viwili, kila upande unabaki na chake, asiwepo wa kubisha baadaye. Nikaiweka juu ya blanketi. Vilifanana kabisa. Sampuli aliyoleta mama ilikuwa blanketi lililoning'inia nje ya duka lake miaka minne kama tangazo. Bluu ya nyuma ilivumilia jua; kahawia ya ayala haikuvumilia, na mama aliyemtazama kila asubuhi hakumwona akififia. Kiwanda kilinakili hata kupauka.

"Mweupe ni bora," bosi alijitetea, akaonyesha kalenda ya mwenye nyumba ukutani, mzee mwenye ndevu juu ya mgongo wa ayala mweupe. "Huyu ni adimu. Huleta maisha marefu."

Nilitafsiri.

"Basi mzee wake aje Mwanza anitafutie wateja."

Chuoni nilisoma kwamba mnyama wa namna hiyo huzaliwa rangi ikiwa imekosekana mwilini, basi. Nilisoma pia hadithi za Ulaya ambamo mfalme humfukuza ayala mweupe hadi yeye mwenyewe anapotea msituni, na hampati. Wachoraji wakampa utakatifu, wengine bahati. Sikumbuki hata mmoja aliyejiuliza mnyama mwenyewe anajificha wapi, akiwa anaonekana kabla ya wenzake wote. Mimi nilijiuliza. Kwenye foleni ya metro yenye watu mia, askari hakuhitaji kunitafuta.

Mama alilipapasa blanketi kwa muda. "Kwaya yetu huimba zaburi ya ayala kila Jumapili," alisema, "na hakuna mstari unaotaja rangi. Mwambie nachukua."

Bosi alipoondoka, mama hakuinuka.

"Kesho kutwa naruka. Utabaki na nani?"

"Nitasubiri msako upoe."

"Ulisema hivyo wiki ya kwanza." Akanitazama. "Wewe unabisha kila kitu. Mbona hili la kusubiri hujalibisha?"

Nilikuwa na majibu: kizuizini, kurudishwa, muhuri ambao ungenifungia milango ya nchi hii. Yote yalikuwa kweli. Lakini niliyasikia kama masomo ya kukariri.

"Kajiripoti polisi nikiwa bado hapa," alisema. "Nikusindikize. Nitajua angalau ulipo, nimwambie mama yako."

Kesho yake tulishuka saa nne asubuhi. Kituoni, askari kijana alifungua pasipoti yangu, akahesabu siku kwa vidole, akamwita mwenzake. Akanieleza kwa Kichina cha polepole kwamba nikae nisubiri, nitalala hapo, siku ngapi hajui, kisha nitarudishwa kwetu.

"Kasemaje?" mama aliuliza.

"Amesema nikae nisubiri."

Hilo alikuwa amelisema. Mama akavuta kiti cha plastiki, akaketi ili tusubiri wote.