Mchanga Safi

Watu wa Mtambile waliiita mashine ya Kijerumani, nami niliwaacha waite. Kosa lilianza kwa mama mkwe wa dada yangu. Aliniuliza chombo ninachofanyia kazi huko Bara kinaitwaje, nikamjibu ni kigunduzi cha jemaniamu, akawageukia wenzake barazani: "Kha! Kumbe ya Kijerumani." Vichwa vikatikisika kwa heshima, maana huko kwetu vitu vya Mjerumani havina mchezo. Siku hiyo niliihitaji heshima ile, kwa hiyo sikuwasahihisha.

Shemeji yangu alikuwa amezikwa wiki hiyo. Alianza kutokwa na damu puani na kwenye fizi, akakonda, hospitali wakasema ni saratani ya damu, na haikuchukua muda. Kabla yake dada alikuwa amezika vichanga wawili katika nyumba ile ile. Matanga hayajaanuliwa, minong'ono ikaanza: kamtoa mumewe kama alivyowatoa wanawe. Pemba ukisema mtu kamtoa mwenzake, huna haja ya kueleza kwamba kamtoa kwa wachawi. Wakwe wakaamua kumchukua binti yake, mtoto pekee aliyembakia, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, wampeleke kwa shangazi yake Wawi kabla na yeye hajatolewa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilitaka kumtukana yule bibi mbele ya watu waliokuja kuhani msiba. Kilichoniokoa ni mchanga. Mwaka ule nilikuwa katika utafiti wa kupima mionzi kwenye mchanga wa kujengea, na nyumba ya dada, kuta na sakafu, ilijengwa kwa mchanga mweusi mzito ambao shemeji aliufuata mbali pwani kwa sababu ulikuwa wa bure. Mchanga wa sura hiyo, kwingine duniani, umekutwa na mionzi mingi.

"Mama," nikamwambia, "nipe muda niupime mchanga wa nyumba hii. Huenda ndio uliowadhuru."

Akajibu: "Sawa, mwanangu. Mashine ikisema ni nchanga, miye ntamwomba radhi nkaza mwanangu, huyo dada yako, mbele ya watu wano. Ikisema si nchanga, ntoto twamchukua."

Nikakubali. Dada alikuwa ndani, nyuma ya pazia, ameanza eda. Alinisikia nikikubali.

Nilirudi maabara Bara na mchanga ule uliobakia kwenye ujenzi. Kupima mchanga si kazi ya kuharakisha. Unaukausha, unauchekecha, unaujaza kwenye kopo na kuliziba lisivuje hata pumzi, kisha unaliweka rafuni kwa wiki kadhaa. Ndani ya mchanga huzaliwa gesi, na gesi hiyo lazima izuiwe mpaka kiwango chake kitulie, la sivyo hesabu itakudanganya. Kila nikipita kwenye rafu nilimkumbuka dada, naye amefungiwa ndani, hatoki, anangoja.

Siku ya kupima niliweka kopo juu ya kigunduzi. Moyo wake ni donge la jemaniamu, madini ya kijivu, kubwa kama kikombe cha kahawa. Hupozwa kwa naitrojeni ya maji inayofuka moshi mweupe, na huzungushiwa matofali mazito ya risasi ili mionzi ya nje isiingilie. Mwonzi ukiligonga donge, umeme kidogo hutoka, na kompyuta huuweka mahali pake kulingana na nguvu ya ule mwonzi. Taratibu vilima huota kwenye kioo, na kila elementi ina mahali pake pasipohama. Vigunduzi vingine huvichanganya vilima vya jirani vikawa kimoja. Jemaniamu huchora kilele chembamba kama sindano, hata huwezi kumdhania huyu kuwa yule. Niliipenda kazi hii kwa sababu hiyo hasa.

Nilikaa mbele ya kioo nikimwomba Mungu sumu. Nasema kama ilivyokuwa. Niliomba nyumba ya dada yangu iwe na sumu ukutani na sakafuni alikolala mtoto. Potasiamu ikapanda, lakini hiyo imo kila mahali, mpaka kwenye ndizi na miili yetu. Mahali pa thoriamu na radiamu, ndizo nilizokuwa nikizitafuta, vikaota vichuguu tu, vifupi kuliko vya udongo wa uani kwetu maabara. Nikashuku kopo, nikapima la pili. Nikashuku kigunduzi, nikakijaribu kwa chanzo cha mionzi tunachokijua kipimo chake. Kilikuwa kizima kabisa. Mkuu wangu alipita, akatazama begani kwangu, akasema kwa furaha, "Matokeo mazuri haya." Nikaenda chooni kulia.

Nilirudi Mtambile mwenyewe, sikutaka jambo lile lisemwe kwa simu. Mama mkwe alikuwa barazani na watu wake, wamejaa.

"Mchanga ni safi, mama," nikasema. Nikaharakisha kueleza kwamba saratani ya damu huweza kuja bila mkono wa mtu, kwamba hata wataalamu mara nyingi hawajui imetoka wapi, kwamba vichanga hufa kwa mengi. Lakini yeye alikuwa ameshalishika neno lake.

"Nchanga safi," akasema. "Basi nchafu ni nkono."

Mzee mmoja akaitikia kwamba mashine ya Kijerumani haisemi uwongo. Nikamwambia mashine haikuulizwa habari za mkono wa mtu, akanicheka. Binti wa dada alifungiwa nguo zake kwenye kanga, wakwe wakaondoka naye kabla ya adhuhuri.

Niliingia ndani. Dada hakuwa akilia.

"Si ungesema nchafu tu, mdogo wangu," akaniambia. "Kuno nani angejua?"

Eda ilipokwisha tulikwenda Wawi. Dada alipika mkate wa kumimina, ambao mtoto alikuwa akiupenda mpaka kuugombea. Mtoto akatoka mlangoni, amerefuka, akatuamkia vizuri. Mama yake alipofunua sahani, akaficha mikono nyuma.

"Bibi kasema nsile cha mama."

Nilidhani dada angepiga kelele. Mimi ningepiga. Yeye alichuchumaa, akamega kipande, akakila mwenyewe, kisha akamega cha pili akamnyooshea. Mtoto hakukipokea. Alimtazama mama yake kooni mpaka alipomeza, akarudi nyuma hatua moja, akawa anangoja aone kitakachompata.