Mjukuu wangu na swali la Malinya

Leo mjukuu wangu Muhonja amezomewa mbele yangu, nami nimerudi nyumbani nikitabasamu.

Wanablogu wa Kakamega walikutana kujadili mswada wa kudhibiti mitandao. Muhonja anaupinga. Alianza hivi: "Kabla sijasema lolote, mjue kampuni moja ya intaneti inanilipa kuandika kuhusu mswada huu."

"Keti chini, umenunuliwa," wakamzomea.

Hakuketi.

Mzee mmoja wa Malinya akasimama. (Kwa wasiojua, kule fahali hawapigani kabla hatujaambiwa kila mmoja ni wa nani.)

"Huyu dada ametaja mwenye fahali wake," akasema. "Wenu ni wa nani?"

Kisha yule aliyezomea zaidi akakohoa. "Mimi pia nalipwanga, na hao wanaoutaka mswada."

Wengine wawili wakakiri.

Kulipwa si kosa, wapendwa. Kosa ni kumficha msomaji nani anakulipa.

Tukiwa njiani, simu ya Muhonja ikalia; akasikiliza, kisha akanigeukia mimi babu yake. "Kuka, kampuni inasema nikitaja tena kwamba wananilipa, wataniacha. Nifanyeje?"

Kabla sijajibu, alikuwa ameanza kuliandika hilo pia.

Limo kwenye ukurasa wake. Msomeni, mniambie ningemjibu nini.